Miaka mitatu naambiwa "acha mawazo", kumbe tumboni kuna mpangaji: uzi wa vijidudu, tumbo na kichwa

KANIKI NYEUSI (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana. Nimeuandika vipande vipande kwenye simu nikiwa njiani, makosa ya herufi mtanivumilia.

Magazeti yetu yakitaka kusema wakubwa wameingiwa hofu, yanaandika "vigogo matumbo joto". Hayaandiki vichwa joto. Na nani humu hajawahi kukimbilia chooni asubuhi ya mtihani au ya usaili? Lugha imejua siku nyingi kwamba tumbo na kichwa wanapigiana simu. Shida yetu ni kudhani kwamba anayepiga ni kichwa siku zote. Ukiumwa tumbo mwezi wa pili, wa tatu, basi wewe una mawazo.

Mimi nimeambiwa niache mawazo kwa miaka mitatu. Kiungulia, tumbo kuwaka usiku wa saa nane, kushiba kwa matonge matatu. Baadaye yakaongezeka mengine: moyo kwenda mbio nimekaa tu, kuchoka, usingizi kukatika, hofu isiyo na jina. Kazini nikawa mtu wa kufoka. Zahanati ya kwanza niliandikiwa dawa ya kupunguza asidi na ushauri wa bure: punguza mawazo, punguza maharage. Shangazi yangu akaenda mbali zaidi, akasema ni jini mahaba ananionea wivu kwa kuwa nimechelewa kuoa. Namheshimu shangazi. Nikanywa kombe, nikaoga majani. Jini hakutoka.

Mwaka wa tatu choo kikawa cheusi kama lami. Hapo ndipo nilipoingizwa kamera tumboni. Vidonda viwili, na kipimo kikaonyesha bakteria anayeitwa Helicobacter pylori.

Sasa nondo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, vitabu vya udaktari karibu dunia nzima vilifundisha kile kile nilichoambiwa zahanati: vidonda vya tumbo vinatokana na asidi, pilipili na msongo wa mawazo. Iliaminika tumbo lina asidi kali kiasi kwamba hakuna bakteria wa kuweka makazi mle. Huko Perth, Australia, daktari Robin Warren, ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia vipande vya nyama ya wagonjwa kwa hadubini, akawa anaona vijidudu vilivyojikunja kwenye utando wa tumbo. Alianza kuviona mwaka 1979. Kijana mmoja, Barry Marshall, akaungana naye, wakajaribu kuviotesha maabara. Havikuota. Kila mara vile visahani vilitupwa baada ya siku mbili. Pasaka ya mwaka 1982 ikaingia, watu wako likizo, visahani vikasahaulika humo ndani siku kadhaa zaidi. Waliporudi, vimeota. Kumbe mdudu mwenyewe ni mvivu wa kuota.

Wakubwa wa fani hawakushawishika. Mwaka 1984 Marshall akachukua mchuzi wa bakteria wale akaunywa. Ndiyo, akaunywa. Siku chache baadaye kichefuchefu, kutapika, mdomo kunuka, na kamera ikaonyesha tumbo limevimba kwa ndani. Mwaka 2005 yeye na Warren wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo wakati mimi naambiwa niache mawazo, dunia ilikuwa imeshapata jibu muda mrefu. Nikifika nyumbani naendelea, maana kuna la vijidudu na akili, na hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi.

DUME LA KITETO

Siti ya mbele. Tiririka mkuu.

MCHOKONOZI

Kwa hiyo mleta uzi unataka kusema wagonjwa wote wa akili wapewe amoksisilini warudi nyumbani? Kuna watu wakipona ugonjwa mmoja wanaanza kuuona kila mahali.

KANIKI NYEUSI

Mchokonozi, umenisaidia kuanza. Wote hapana. Ila kuna kipindi kundi kubwa la wagonjwa kwenye hospitali za akili za Ulaya lilikuwa na mdudu, na hakuna aliyejua.

Mtu mzima, ana kazi yake, anaanza kujiona tajiri wa kupindukia au mfalme. Anagawa mali, anatukana wakubwa. Kisha ulimi unakuwa mzito, miguu inakosa nguvu, anapooza, anakufa ndani ya miaka michache. Walisema ni ulevi, ni tabia mbovu, ni damu ya ukoo. Mwaka 1913 Hideyo Noguchi na J. W. Moore, wakiwa New York, wakakuta bakteria wa kaswende ndani ya ubongo wa wagonjwa waliokufa hivyo. Kaswende tu. Ile ile iliyomkuta mtu ujanani akaona kidonda kimepona chenyewe akashukuru Mungu.

Na tiba yake ya kwanza ni ya kuchekesha kwetu sisi watu wa malaria. Mwaka 1917 Julius Wagner-Jauregg huko Vienna alichukua damu ya mtu mwenye malaria akawachoma wagonjwa wale. Homa inapanda, inawaunguza bakteria, kisha anawapa kwinini malaria iondoke. Baadhi walikufa, wengine walirudi kwenye akili zao. Alipewa Nobel mwaka 1927. Malaria kama dawa! Penisilini ilipoenea miaka ya 1940 mambo hayo yakafungwa, na wodi zile zikaanza kuwa tupu.

Sisemi kila sonona ni mdudu. Nasema kabla hujamwambia mtu ni mawazo, mpime.

Kingine, nimesoma kwamba asilimia 90 hivi ya serotonini, ile kemikali ya furaha, inatengenezwa tumboni. Na kwamba bakteria mwilini ni mara 10 ya chembe zetu wenyewe. Sasa wapangaji wakiwa wengi kuliko wenye nyumba, unategemea nini?

BINTI PANGANI

Mleta uzi umenigusa kwa hilo la jini.

Kwetu degedege si ugonjwa, ni ndege. Bibi alisema anapita juu ya nyumba usiku, kivuli chake kikimwangukia mtoto, mtoto anakakamaa, macho yanapinduka. Na sharti kubwa: mwenye degedege asichomwe sindano, akichomwa anakufa. Mdogo wangu alipokakamaa akiwa na miaka minne alifukizwa kwa mavi ya tembo kwanza. Hospitali tulifika kesho yake mchana. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini darasani hakuwa yule tena. Anasahau, anakasirika kwa kitu kidogo, na mpaka leo anaanguka mara moja moja. Mtaani wanasema ndege alibaki na kipande chake.

Simlaumu bibi. Na yeye alikuwa na ushahidi wake: wengi waliopelekwa sindano walikufa kweli. Ila walikuwa wamechelewa kama sisi.

KANIKI NYEUSI

Binti Pangani, pole sana dada. Huo mwisho wa maneno yako nimeurudia mara tatu.

TABIBU WA ZAMU

Nimetoka zamu, nimesoma wote.

Binti Pangani, kilichompata mdogo wako kinajulikana. Utafiti uliofanyika hospitali ya Mulago, Kampala, ukachapishwa mwaka 2008, ulifuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo. Miaka miwili baadaye takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu kwenye kumbukumbu, umakini au kujifunza. Vimelea vinaziba vijishipa vidogo vya damu kichwani, ubongo unakosa hewa na sukari. Huko kuanguka kunaweza kuwa kifafa, na kifafa kina dawa. Kama hatumii, mpelekeni kliniki, hata kama ni mtu mzima sasa.

Kaniki, umeandika vizuri, ila nikurekebishe.

Kwanza, H. pylori. Takriban nusu ya watu duniani wameishi naye na wengi hawajawahi kuumwa hata siku moja. Kumkuta si kuhukumu. Ni kweli Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, lilimweka kwenye orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1994, kwa hiyo mwenye vidonda lazima atibiwe. Lakini usiwatishe watu wakaanza kupimana kama mchezo.

Pili, ile hesabu ya mara 10 ni ya zamani na ilikuwa ya kukisia. Ilihesabiwa upya mwaka 2016: mwanaume wa kilo 70 ana bakteria kama trilioni 38 na chembe zake mwenyewe kama trilioni 30. Karibu sare. Na uzito wa bakteria wote hao ni gramu 200 hivi, robo kilo haifiki.

Tatu, serotonini. Ni kweli nyingi inatengenezwa tumboni, lakini haivuki kuingia kwenye ubongo. Huko tumboni kazi yake kubwa ni kusukuma chakula. Wauza vidonge wa mtandaoni wanapenda sana hiyo asilimia 90, sehemu ya pili hawaisemi.

Nne, na hili ndilo lililonileta. Ulisema moyo ulikwenda mbio, ukachoka, usingizi ukakatika, na choo kikawa cheusi. Wingi wa damu yako (himoglobini) ulikuwa ngapi?

KANIKI NYEUSI

Ngoja nitafute karatasi.

Damu 7.

TABIBU WA ZAMU

Basi. Choo cheusi maana yake ulikuwa unavuja damu tumboni, na kwa damu 7 inaelekea ilikuwa ikivuja taratibu muda mrefu. Damu ikishuka hivyo moyo unakimbia kufidia, mtu anakosa pumzi, hawezi kulala, na mwili unaokimbia umekaa kwenye kiti, kichwa kinautafsiri kuwa ni hofu. Tena bakteria huyo akikaa miaka anaharibu ufyonzaji wa madini ya chuma na vitamini B12, na upungufu wa B12 peke yake unaweza kuvuruga kumbukumbu na hisia.

Hakuna simu ya siri iliyopigwa kutoka tumboni kwenda kichwani. Ulikuwa unavuja.

MCHOKONOZI

😂😂 Uzi umefungwa.

KANIKI NYEUSI

Haujafungwa. Nimekaa na hilo jibu nusu saa. Nakiri nilipenda zaidi ile hadithi ya wapangaji wanaotuma ujumbe, lakini hii ya Tabibu inaeleza kwa nini usingizi ulirudi nilipoanza vidonge vya kuongeza damu, wakati tumbo bado linauma. Nilikuwa sijaelewa.

Na niseme ukweli wote: hofu haikuisha yote. Vidonda vilipona, damu ikafika 13, lakini bado nilikuwa naamka usiku kukagua choo. Nilikwenda kwa mshauri wa saikolojia miezi mitano. Huyo hakuniambia niache mawazo hata mara moja.

Ila Tabibu, usiniambie vijidudu haviongei na ubongo kabisa.

TABIBU WA ZAMU

Siwezi kukuambia hivyo. Kuna njia mbili ambazo mimi nazikubali.

Moja ni kinga ya mwili. Ukiwa na mafua makali hutaki chakula, hutaki watu, unataka shuka na giza. Si virusi waliokuambia, ni kinga yako imetuma kemikali kwenye ubongo zikakuamuru ulale. Tuliona hilo vibaya zamani kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliotibiwa kwa interferoni, ambayo ni kemikali ile ile ya kinga: wengi waliingia kwenye sonona, watu ambao hawakuwahi kuwa nayo. Sasa fikiria kinga inayopiga filimbi kidogo kidogo kila siku, kama mlinzi anayekesha akipuliza hata mwizi hayupo.

Ya pili ni mshipa wa fahamu mrefu unaotoka ubongoni hadi tumboni, unaitwa vagasi. Nyuzi zake nyingi zinapeleka habari juu, siyo chini. Kwa hiyo kauli yako ya nani anapiga simu ina ukweli. Mwaka 2004 watafiti wa Kyushu, Japani, walilea panya wasio na kijidudu chochote tumboni. Wakiwabana kidogo, homoni ya msongo ilipanda kupita panya wa kawaida. Walipowapa bakteria wazuri mapema, ikatulia. Wakichelewa mpaka panya wakue, haikurekebika vizuri. Inavutia sana. Lakini ni panya, na binadamu aliyelelewa ndani ya chupa hayupo. Kwa watu tunaona kwamba wenye sonona wana bakteria tofauti kidogo, ila mwenye sonona pia hali, hatembei, halali, anameza dawa. Nani alianza? Hapo sayansi bado inabishana.

ASALI MBICHI

Wapendwa, kwa wote wenye gesi, vidonda, bawasiri, msongo, nguvu za kiume, ninao unga wa mitishamba unaosafisha sumu zote tumboni ndani ya siku 7 na kurudisha bakteria wazuri. Njoo PM. Mkoani tunatuma kwa basi.

KANIKI NYEUSI

Unga mmoja unatibu bawasiri na msongo! Dada, bakteria wazuri unaowarudisha ni wa aina gani, na wanasafirije kwenye basi kutoka Ubungo bila kufa?

TABIBU WA ZAMU

Tiba ya kurudisha bakteria tumboni ambayo imethibitika vizuri kuliko zote haiuzwi kwa unga. Kuna ugonjwa wa kuharisha unaowapata watu waliotumia antibayotiki nyingi, bakteria anayeitwa Clostridioides difficile anatawala baada ya wengine kuuawa. Waholanzi walichapisha jaribio mwaka 2013: wagonjwa waliwekewa kinyesi cha mtu mwenye afya, kimechanganywa na maji ya chumvi, kupitia mrija wa puani. Asilimia 81 walipona kwa mara ya kwanza tu, waliopewa antibayotiki peke yake ni 31. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa kuwa haikuwa haki kuwanyima wengine.

Asali Mbichi aweke hiyo kwenye tangazo tuone wateja.

DUME LA KITETO

Mimi nimeahirisha chakula cha usiku.

MTOTO WA KIBOSHO

Wakuu mmesahau Uchagani. Wataalamu wa KCMC, ile hospitali ya rufaa ya Moshi, pamoja na Waholanzi wa Chuo Kikuu cha Radboud walifanya utafiti Kilimanjaro, ulitoka mwaka 2025. Wanaume 77. Waliozoea chakula cha asili wakapewa cha kizungu wiki mbili: vya kukaanga, vya viwandani. Wa mjini wakarudishwa kwenye ndizi, maharage, mboga, ulezi. Kundi lingine wakanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, wiki nzima. Mwajua tena matokeo. Waliohamia vya kizungu, alama za mcharuko (kinga kuwaka mwilini) kwenye damu zikapanda. Waliorudi kwenye vya asili na walionyweshwa mbege, zikashuka. Na athari nyingine zilikuwa bado zinaonekana wiki nne baadaye.

Nimemtumia mke wangu. Amesema utafiti ulikuwa wa wiki moja, mimi nina miaka 20.

KANIKI NYEUSI

Shemeji ana akili kuliko watafiti 😂

Ila hapo ndipo penye utamu. Mbege, togwa, maziwa mgando, mursik (maziwa ya kibuyu ya Wakalenjin wa Kenya), uji uliolazwa ukachachuka: vyote ni kazi ya bakteria, na bibi zetu walivitengeneza bila hadubini. Na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaokula mizizi, ubuyu, asali na nyama ya porini, waliwahi kuchunguzwa na watu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Kwenye ripoti ya mwaka 2023 Mhadzabe wa kawaida alikutwa na aina 730 hivi za vijidudu tumboni, mtu wa California 277. Nyuzinyuzi za kwenye mizizi ndizo chakula cha wapangaji hao. Ukila chipsi mayai mwaka mzima unawafukuza mmoja mmoja bila notisi.

TABIBU WA ZAMU

Sawa, ila aina nyingi peke yake si afya. Watoto wa Kihadzabe bado wanakufa kwa magonjwa ambayo mtoto wa California hafi. Na utafiti wa Kilimanjaro ulipima kinga, haukupima furaha. Mbege ina kilevi, asije mtu hapa akaacha dawa zake za sonona akahamia kilabuni.

KAUNTA YA PEMBENI

Mimi niko duka la dawa, niongeze la moyoni. Kila siku anakuja mtu: "nipe rangi mbili nne", yaani vidonge vinne vya antibayotiki. Nne! Anameza mbili leo, moja kesho, ya mwisho anaifungua anamwagia unga kwenye kidonda. Nikimwambia anunue dozi kamili anasema nataka tu kumuuzia. Mwenye duka naye anataka mauzo. Ndiyo maana mdudu wa Kaniki anakuwa sugu.

KANIKI NYEUSI

Na mimi nilikuwa mmoja wao. Dozi ya kwanza ilikuwa siku 14: amoksisilini, klarithromaisini na omeprazoli. Siku ya tano tumbo likatulia, mdomo una ladha ya chuma, nikaacha. Baada ya miezi miwili narudi mwanzo. Mara ya pili nikabadilishiwa dawa, nikamaliza zote, nikapimwa tena kwa kipimo cha choo mwezi na nusu baadaye, nikiwa nimesimamisha omeprazoli wiki mbili maana inaweza kuficha majibu. Hakuonekana.

MAMA WAWILI

Samahanini kwa kuchelewa. Mama yangu ana miaka 66, tumbo linamuwaka mwaka wa tano. Amepimwa H. pylori mara mbili, hana. Siku hizi amekuwa mnyonge, haongei, sisi tukasema ni upweke tangu baba afariki. Baada ya kusoma hapa naogopa. Nianzie wapi?

TABIBU WA ZAMU

Pole Mama Wawili. Anzia kwenye damu, apimwe wingi wake, na uulize rangi ya choo, wazee huwa hawasemi. Upweke nao usiufute, anaweza kuwa na vyote viwili. Halafu nikuulize: magoti hayamsumbui? Anameza nini?

MAMA WAWILI

Magoti yanamuuma ndiyo, miaka mingi. Anasema hamezi chochote, anajichua tu.

TABIBU WA ZAMU

Angalia mkoba wake. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, chochote cha maumivu. Dawa hizo zinatoboa tumbo bila msaada wa bakteria yeyote.

MAMA WAWILI

Nimerudi. Diklofenaki, pakiti tatu, moja imebaki vidonge viwili. Zilikuwa kwenye kitambaa pamoja na rozari. Kesho asubuhi naenda naye hospitali.